Uji Ulioshika Chini

Fundi seremala alipotoka hospitali, homa ilikuwa imekwisha, lakini hamu ya kula haikurudi naye nyumbani. Suruali ilimpwaya akaifunga kwa kamba. Randa aliweza kuishika, kuisukuma ndiyo ikawa kazi. Daktari alimwambia kwa upole kwamba dawa zimemaliza zamu yake. Iliyobaki ni kula, na asipokula atarudishwa wodini alishwe kwa mpira wa puani. Habari ya mpira huo ilimkaa rohoni.

Binti yake akahamia pale kumuuguza. Mtu wa kazi safi yule. Uji wake wa maziwa ulikuwa laini, hauna hata buje moja, na hakubanduka jikoni mpaka auepue. Mzee alikunywa vijiko viwili vitatu, akashukuru, akaweka bakuli dirishani. Ukitiwa tangawizi, vilevile. Ukitiwa karanga, vilevile.

"Baba, kwani uji wangu una nini?"

"Mzuri, mwanangu. Ila si ule wa kwetu."

Wa kwetu ni ule wa marehemu mkewe. Miaka yote ya ndoa yao aliamkia huo, na kule karakanani aliwatambia wenzake kwamba ukweni kwake wana siri ya uji, wanarithishana mama kwa binti, mwanamume haambiwi. Binti alipoyasikia hayo alinywea. Mama hakumwachia siri yoyote, naye hakuwahi kuuliza.

Asubuhi moja akaja shangazi, dada mkubwa wa mzee, mwanamke ambaye mdomo wake haujui likizo. Akapitiliza hadi jikoni, akavuta kigoda, akaanza habari za bwana harusi fulani aliyepitiwa na usingizi kwa kinyozi, ukumbi mzima unamsubiri. Binti akageuza shingo asikie vizuri. Mwiko ukasimama. Bwana harusi hajaamka bado, uji ukashika chini.

Binti akajilaumu, akanyanyua sufuria akaumwage. Huko chumbani mzee alishakaa kitako. Harufu ilikuwa imemfikia, na mate yalimjaa mdomoni kama mtoto. Akaja akijishikiza ukutani mpaka mlangoni.

"Usimwage. Ndio huo."

"Umeungua, baba."

Shangazi akacheka mpaka akajishika mbavu. "Kaka, kumbe hukujua? Wifi yangu hakupika uji ukasalimika hata siku moja. Tunapiga soga hapa, sufuria inateketea. Akikuletea, unasifu. Sasa ulitaka akukatalie?"

Mzee akawakumbuka wale aliowatambia, akaona haya kidogo, kisha akacheka naye, polepole, maana hata kucheka kulimchosha. Akanyoosha bakuli. Akalimaliza. Akaomba na ukoko, akaukwangua mwenyewe.

Baadaye binti alijaribu kuuunguza kwa makusudi, akasimama anauangalia kama mlinzi. Ukatoka mweusi, mchungu, hata paka hakuutaka. Ikabidi shangazi awe anakuja kila asubuhi, naye hakuhitaji kubembelezwa. Mashavu ya mzee yakaanza kujaa, kamba ikalegezwa. Sasa akiamka hutega sikio kwanza, na wale wawili wakinyamaza kidogo tu, sauti yake hutoka chumbani:

"Mbona kimya huko jikoni? Ongeeni basi, jamani, njaa inaniuma."