Siku Kumi na Nne za Mama

Mwaka wa korona nilikuwa karani kwenye makao ya mbwa huko Kitisuru. Mbwa aliyetoka ng'ambo alikaa kwetu siku kumi na nne kabla ya kupelekwa kwa mwenyewe. Kila mmoja alikuwa na chumba chake, bakuli lake, na mlangoni jozi ya gambuti ambazo hazikuvaliwa chumba kingine. Akiugua mmoja, siku za wenzake haziguswi. Mbwa sikuwashika, niliandika tu, lakini Baba, Mswahili wa Mombasa aliyezeekea Parklands, hakuacha kunitania. Kila nikirudi kazini, ati ninawe mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa najisi ya mbwa, ndipo nimpe mkono.

Mama alikuwa Maskati kwa dada yangu aliyejifungua. Ndege zilipofungwa akakwama huko. Aliporudishwa ilikuwa Ramadhani, wakamtoa uwanjani moja kwa moja hadi bweni la shule mjini. Karantini, siku kumi na nne, chumba kizima cha wanawake na vitanda vya juu na chini. Nilikasirika mno. Mbwa wa watu analala peke yake Kitisuru, mamangu na magoti yake anapewa kitanda cha juu!

Na Baba alikuwa hoi. Figo zilikuwa zimekataa, daktari alishatuambia tukae naye nyumbani tu. Alichotaka ni kumuona mkewe. Habari za dawa hakuuliza, aliuliza siku zimebaki ngapi. Nikimwambia kumi na moja anafumba macho, nikimwambia kumi anakunywa uji vijiko viwili.

Siku ya nne Mama akapiga simu. Chakula kinaletwa kwenye visahani vya karatasi, alilalamika, na kila mtu anageukia ukuta anafuturu peke yake kama mwizi. Hilo hakuliweza. Akaniagiza sinia kubwa la nyumbani, tende na vitumbua. Nikapeleka. Nikampa askari wa langoni, nikarudi nimefurahi kwamba angalau nimemfanyia Mama jambo. Mimi huyu, niliyeandika kila asubuhi kwamba bakuli la chumba cha pili lisioshwe pamoja na la chumba cha tatu! Wallahi haikunijia. Wanawake sita wakawa wanafuturu pamoja kila magharibi, mikono yote mle mle.

Zikiwa zimebaki siku mbili, mmoja wao akapimwa akapatikana nayo. Wote waliokula naye wakaambiwa waanze kuhesabu upya.

Nilikwenda langoni, nikamkuta afisa wa afya, mama wa makamo, barakoa imelowa jasho. Nikamweleza yote. Mama amepimwa hana kitu, Baba hana siku nyingi, wampeleke hata kwa gari lao, asimame dirishani tu amuone. Nikamwambia na ya mbwa wetu, kwamba hawa watu wangetengwa kila mmoja kivyake haya yasingetokea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Afadhali angenifokea.

"Unavyosema ni kweli," akaniambia. "Na lile sinia, lilitoka wapi?"

Nikageuka, nikarudi nyumbani.

Jioni ile Baba akauliza zimebaki ngapi. Kusema kumi na nne nilishindwa, nikamwambia bado kidogo. Akanitazama, maana alinijua tangu nilipozaliwa. Uji hakuugusa tena. Siku ya tatu yake, baada ya adhuhuri, akafariki. Tukamzika kabla ya jua kuchwa, watu wachache, tumesimama mbalimbali.

Nilimpigia Mama kutoka makaburini. Nikamwambia Baba ametutoka. Hakulia. Nikasikia anawaambia wenzake wanyamaze. Nikamwambia sinia lile nililileta mimi, na kosa ni langu. Ni kama hakusikia. Mawazo yake yalikuwa kwenye eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane wetu hukaa ndani akimwekea mumewe heshima, na ambayo huanza siku ile ile anayofiwa.

"Hapa wananiambia bado siku kumi na moja," alisema. "Na eda hukaliwa nyumbani kwa mume, mwanangu. Waulize hao wenye sheria, mimi niikalie wapi?"