Aliyetuomba Tusipige Makofi

Habari ya kifo chake ilinikuta katikati ya mto, ndani ya mtumbwi, nikirudi mjini kutoka Lubunga. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala juu ya maji, ng'ambo haionekani, na kwa muda mtu angeweza kuamini kwamba Kisangani imeondoka na kutuacha. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu na furushi la sombe, majani ya mihogo, akamwambia mwenzake, "Ule papa wa panya wa Masako alikufa jana." Nilijua ni mzee gani anayesemwa. Hatukuwa marafiki wa kula sahani moja, mimi na marehemu, lakini kila nilipomwona na baiskeli yake nilijikuta natabasamu. Kasia liliendelea kuchota maji, nami nikaendelea kumwona, mara kijana, mara mwenye mvi, akielekea msituni na mitego yake.

Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu hapa kwetu, mwana wa Maniema, na kazi yake ilikuwa kuchunguza panya wa msitu wa Masako. Alitaka kujua ni wepi wanaomaliza mihogo na karanga za kina mama wanaolima ukingoni mwa msitu, na ni wepi wanaosingiziwa tu. Alikuwa akitega, akipima mkia, akiandika, kisha akimwachia mnyama aende zake. Hilo la mwisho liliwasumbua watu kuliko yote. Mtu mzima, mwenye watoto, anakamata nyama halafu anairudisha msituni? Wengine walisema amerogwa, wengine kwamba ameshiba kupita kiasi. Yeye alicheka. Kilichomuuma ni kwamba ripoti zake, zote za Kifaransa, zilikwenda kulala kabatini, na mama aliyeliwa karanga zake hakuwahi kusikia neno hata moja.

Ndiyo maana siku moja ya salongo, kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi, aliomba ruhusa ya kuzungumza na wakulima wakishaweka chini majembe. Nilikuwepo. Maskini, alisahau jambo moja. Wasomaji wangu, tunajijua: mtu akisimama mbele ya umati uliokusanywa, na bendera ipo nyuma yake, mikono yetu huanza kazi kabla ya masikio. Aliposema meno ya panya huota maisha yake yote, makofi. Aliposema si kila panya ni mwizi, makofi. Alipokohoa, makofi, na kina mama wa nyuma wakaanzisha wimbo. Nami nilipiga, sitaficha, nikarudi kuandika katika safu hii hii kwamba mtaalamu wetu alipokewa kwa makofi yasiyokwisha. Siku mbili baadaye alinijia ofisini na gazeti mkononi. "Citoyen," akaniambia taratibu, yaani mwananchi, kama tulivyoitana enzi hizo, "uliandika makofi. Panya hukuandika hata moja." Niliona haya, na ninaona haya hadi leo.

Alirudi Masako mwezi uliofuata, bila bendera, akawakalisha watu kwa duara uani kwa mkulima mmoja. "Bon," akasema, "leo mutu asipige makofi. Mukipiga, mimi najua hamusikii. Leo mutu aniambie fasi nilikosea, ni wapi." Nami nilikuwa katika duara lile. Kisha mama mmoja mnene, mwenye shamba jirani na mitego, akainua mkono. "Papa, naomba ruhusa. Ile panya ya mukia murefu, unasema iko kidogo. Haiko kidogo. Haitembeaka chini, inapitaka juu ya miti yenye ilianguka. Na mitego yako yote uliweka chini."

Alikuwa amebakiza wiki chache kutetea tasnifu yake ya udaktari, na sura nzima ilisema panya huyo ni adimu. Cheo kilikuwa kinamngoja. Angeweza kunyamaza, wale waliotarajiwa kumhoji hakuna aliyewahi kutega panya. Badala yake alipandisha mitego juu ya magogo, na kulipokucha ikawa imejaa panya wa mkia mrefu. Akaifuta sura ile, akaomba mwaka mwingine msituni, na cheo akapewa mtu mwingine. Nilipomuuliza kama hajuti, alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Ningenyamaza," akasema, "donc ningekuwa docteur wa panya yenye haiko."

Nimeliwaza neno hilo siku hizi zote, hasa saa ile ukungu unapopanda kutoka mtoni na mambo yaliyopita yanaonekana karibu kuliko ya leo. Tunapenda kuwasifu wasomi wetu. Mwana wetu akipata shahada tunampa viti vya mbele, ngoma na hotuba, kisha tunarudi nyumbani bila kujua alichogundua. Sifa ni rahisi, haimdai msikilizaji kitu. Kusikiliza kunadai, maana ukimsikia mtu vizuri utaona anapokosea, na itakubidi useme. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto wetu, halafu wao wanatuona sisi tukipiga makofi.

Jioni ya juzi nilikwenda matangani, mtaani Mangobo. Mkubwa mmoja akasimama, akasema kwa sauti nzito kwamba marehemu aliwajua wanyama wote wa msitu wetu, hakuna kilichomshinda. Mikono ikainuka. Ndipo yule mama wa Masako, sasa amezeeka na anatembelea fimbo, akasema kutoka kwenye mkeka, "Musipige. Alituombaka tusipige." Mikono ikabaki hewani. "Na hakujua yote, papa. Mingi tulimuonyesha sisi. Na mingi alituonyesha yeye. Panya yenye inakula karanga yangu, ni yeye alinifundisha kuizuia." Akaanza kueleza namna inavyozuiwa, kwa wale wasiojua. Mkubwa yule akaketi asikilize. Mimi nikatoa daftari langu, na safari hii niliandika panya.