Vifaranga wa Ishiara

Siku tulipowasha programu mpya ya stoo pale Kinoru, nilikuwa nazunguka kati ya kompyuta na rafu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mwenye biashara, mama aliyeanza kusafirisha vifurushi kwa pikapu moja kuukuu, alikuwa amenipa kazi ya kumtoa kwenye karatasi. Sasa kila mzigo ungebandikwa stika, usomwe na skana ukitoka, usomwe tena ukifika.

Kabla ya saa sita simu ikalia. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Ishiara, mama mwenye sauti ya upole.

"Kijana, vifaranga wangu wako wapi?"

Nikatazama kompyuta. "Wamefika, mwalimu. Wako ofisini kwetu huko."

"Nimesimama kwenye hiyo ofisi. Hakuna kitu."

Nikamwomba ampe karani simu. Karani wetu wa Ishiara alinieleza bila wasiwasi kwamba netiweki ilikuwa inapotea, kwa hivyo iliporudi kidogo alibonyeza "pokea zote" kabla gari halijapakuliwa. Programu ikaamini. Boksi la vifaranga halikuwemo garini.

"Hiyo batani imetoka wapi?" mama mwenye biashara akaniuliza.

"Imekuja na programu."

"Basi itoke."

Tulipekua stoo nzima, tukakosa. Gari lingine lililotoka asubuhi lilikuwa la Muthara, ambako mizigo yetu hupokewa na mzee mmoja Mwislamu mwenye bucha. Nilimpigia huku nimeshika funguo za pikapu.

"Hawa watoto wenu wanalia tangu asubuhi," akasema. "Mashine imekataa kuwasoma, inasema si wa hapa. Nimepiga simu mpaka nikachoka, laini yenu haishikiki. Nimewaweka karibu na jiko, nikawapa maji kwa kifuniko cha chupa."

Nilienda kuwachukua, nikageuza nikateremka kuelekea Ishiara. Kadiri barabara ilivyoshuka, ndivyo joto lilivyozidi. Wakipiga kelele nahofia wana kiu. Wakinyamaza nasimama kando ya barabara, nafungua boksi, nawagusa mmoja mmoja. Nilisimama mara nyingi hivi kwamba mwenye pikipiki aliniuliza kama gari limeharibika.

Jioni nilimkuta mwalimu bado ameketi nje ya ofisi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, lakini alinipita akafungua boksi. Wengine walikuwa wamekufa. Aliwatenga polepole juu ya leso yake, akawamiminia maji waliobaki.

"Mwalimu, waliokufa tutakulipa," nikasema.

"Mtalipa. Lakini kwanza shika huku, tuwatoe kwenye hili joto."

Tulilibeba boksi pamoja hadi kwake. Kesho yake niliondoa ile batani, na mama akamlipa mwalimu. Programu inafanya kazi vizuri sasa, kila mtu anaisifu. Mimi nikisoma "imefika" kwenye kioo, bado napiga simu kuuliza.