Risasi Kavu za Mama Clémentine

Kwa miaka ishirini na miwili kazi ya Mama Clémentine ilikuwa kuhesabu matundu. Kwenye serkle, klabu ya kulenga shabaha, nje kidogo ya Likasi, maenjenia na mafundi wa kiwanda walikuja kila Jumamosi, wakalala kifudifudi juu ya mikeka na kufyatua. Yeye akatembea mita mia tatu, akashusha kartoni ya shabaha, akaandika. Hakuwahi kugusa kifyatulio. Lakini ukimpa kartoni iliyotobolewa, angekuambia nani kaipiga, kwa bunduki gani, na kama jana yake alikunywa. Wanaume hawakulipenda hilo, na mimi siwalaumu.

Mwaka 1991, mji ulipoporwa, serkle ilibebwa yote: viti, bilauri, hadi mlango wa choo. Maenjenia wageni wakapanda magari wakaenda zao. Ikabaki depo, ghala dogo la matofali, ufunguo wake shingoni mwa Mama Clémentine, na ndani, nyuma ya marundo ya kartoni, bunduki mbili ambazo waporaji hawakuziona. Kubwa iliitwa Neuf-Trois, kwa unene wa risasi yake, milimita tisa nukta tatu. Ndogo iliitwa Sept, kwa milimita zake saba. Mwenye kibali cha kuwinda alikuwa amebaki mmoja tu: Germain, fundi wa mabati wa kiwanda cha Shituru, jirani yake Clémentine kwenye avenue, mtaa uleule.

Germain alikuwa mtu wa Neuf-Trois. Mwaka 1978 aliangusha nyati kwa bunduki hiyo, na tangu hapo avenue nzima ilimjua kwa nyati huyo kuliko kwa mabati yake. Ila mwaka 1986 bati zito lilimwangukia begani kazini, mfupa ukapasuka, ukaunga vibaya. Na Neuf-Trois inapiga bega teke la punda. Kuanzia hapo kartoni zikasema. Kwa Sept, matundu ya Germain yalikaa pamoja, ungeweza kuyafunika kwa kisosi. Kwa Neuf-Trois yalishuka chini, na mengine hayakuonekana kabisa. Siku moja mwalimu wa serkle alimwekea ganda tupu bila yeye kujua. Germain akavuta. Bunduki haikulia, lakini mtutu wake ulizama wenyewe, kama unaokwepa teke, na macho ya Germain yalikuwa yamefumba. Clémentine alikuwa amesimama pembeni na daftari lake. Aliona, na hakumwambia mtu.

Juni 1994, mishahara ilikuwa haijaonekana kwa miezi minne, na unga uliokuwa ukigawiwa na kiwanda ulikuwa umekatika. Avenue ikamtuma Germain kwenye tambarare za mto Lufira, upande wa Mwadingusha. Alipiga risasi sita za Neuf-Trois, akarudi na kanga mmoja, na huyo kanga watu waliapa kwamba alimnunua njiani. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili wakaanza kutafuta sababu, na sababu kwa watu hao haikuwa mbali: mwindaji akikosa, basi mkewe ametoka nje ya ndoa.

Aliyelisema kwa sauti ni Cyrille, kaka mkubwa wa Germain, mzee mwenye mdomo usiojua kupumzika. Alisimama pale bombani, akina mama wakiwa na ndoo zao, akasema Blandine ndiye aliyeifunga bunduki ya mumewe. Blandine, ambaye safari zake zote zilikuwa kanisani na kwenye meza yake ya nyanya! Cyrille akakata hukumu papo hapo: Germain akirudi tena mikono mitupu, huyo bibi atarudishwa kwa wazazi wake kule Kakanda. Na Germain? Germain alikaa kimya kama hayamhusu. Hilo ndilo lililomchoma Clémentine kuliko maneno yote ya Cyrille.

Agosti, nyasi za Lufira zilipokwisha kuungua, wanaume walikuja depo kuchukua risasi. Cyrille mbele, Germain nyuma.

"Utoe Neuf-Trois, mama," Cyrille akasema. "Tuko na njaa. Tunataka kartushi ya kuua, haiko ya kucheza."

"Yaya Cyrille, kule Lufira majani yote ilisha kuungua," Clémentine akajibu, kwa neno la heshima la kumwitia kaka mkubwa. "Nyama atamuona Germain mbali, mita mia tatu. Kartushi ya Neuf-Trois ni muzito, inashuka mbele ya kufika. Ya Sept inaenda sawa. Na hizi ziko na ncha ya laini, ikiingia inapanuka. Swala haendi mbali nayo."

"Weye ulisha kuua nyama gani?" Cyrille akauliza.

Wanaume wakacheka. Clémentine alikuwa na neno moja la kweli ambalo lingemaliza ubishi palepale. Lingemwokoa Blandine, na lingemzika Germain mbele ya wenzake. Alimtazama. Germain alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Basi, Neuf-Trois haiko," akasema Clémentine. "Kartushi zake zenye zilibaki zote zililowana. Mvua ya mwezi wa tatu iliingia ku paa."

Germain akainua macho polepole, kwanza kwenye paa, kisha kwa Clémentine.

"Kama zililowana, zililowana," akasema. "Unipe Sept."

Clémentine alimpa risasi saba. Ya kwanza alimlazimisha aipige palepale, kwenye kartoni, mita mia mbili, na iwe ya aina ileile atakayowindia, kwa sababu risasi za aina mbili hazitui mahali pamoja hata bunduki ikiwa moja. Akaenda mwenyewe kutazama. Tundu lilikuwa vidole viwili tu kutoka katikati. Alirudi akitembea haraka kuliko umri wake ulivyoruhusu.

Germain alikuwa ameshapotea na baiskeli yake Clémentine alipofunga depo na kutupa jicho juu. Kila msumari wa paa lile ulikuwa na kipande cha mpira chini yake. Kazi safi, kazi ya Germain. Mwaka 1989 alikaa siku tatu juu ya mabati yale, na tangu hapo paa halijavuja hata tone. Mama huyu, mwenye kukumbuka kila tundu la kila kartoni, alikuwa amesema uongo wa paa linalovuja mbele ya mtu aliyeliziba. Sasa Germain alijua kwamba yeye anajua siri ya macho yake.

Siku tano alishinda mlangoni akitazama mwisho wa avenue. Mtu aliyeaibishwa hulenga vipi? Siku ya nne Blandine alikuja kuomba chumvi, akasema ameshafunga vitu vyake kwenye kitambaa. Afadhali atoke mwenyewe kuliko kutolewa. Clémentine alimpa chumvi badala ya ukweli, akajichukia.

Siku ya sita, mchana, baiskeli ilitokea mwisho wa avenue. Germain hakuwa ameipanda, alikuwa anaisukuma, kwa sababu ilibeba swala wawili. Vigelegele vikapasuka. Germain alipita katikati ya watu hadi kwa Clémentine, akamwekea kitu kiganjani bila neno. Risasi nne. Mbili zilikuwa zimetumika, kwa swala wawili. Clémentine akakaa chini palepale kwenye vumbi, na wala hakujali nani anamwona.

Cyrille akainua mkono kuwanyamazisha watu. "Munaona? Bibi alisikia mashauri. Alirudia njia ya muzuri, na nyama ikarudia." Akamtazama Blandine kama mtu anayetoa msamaha.

"Yaya, unyamaze kidogo," akasema Germain.

Hakuna aliyewahi kumsikia akimwambia kaka yake hivyo.

"Paa ya depo nilifunga minye. Haivuji. Kartushi za Neuf-Trois hazikulowana hata moja. Mama Clémentine alisema bongo, alitudanganya, juu ya kunifichia haya. Bibi yangu hakufanya kitu. Minye njo niko naogopa ile bunduki. Tangu bega ilivunjika, nikivuta, nafunga macho. Miaka munane nafunga macho, na mwezi wa sita niliwaacha mumutukane Blandine."

Cyrille alikohoa, akaushusha ule mkono.

Blandine aliingia ndani. Alitoka na kitambaa chake cha vitu kilichofungwa mafundo mawili, na watu wakadhani anaondoka kweli. Akakiweka chini mbele yao wote, akafungua fundo moja, akafungua la pili, akapekua kati ya nguo zake mpaka akapata kisu cha jikoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. Kisu akampa mumewe. Mguu wa swala akamshikisha Cyrille.

"Ushike nguvu, yaya," akasema. "Tunaanza kupasua."