Mukeke Waliokataliwa Mara Mbili

Shangazi yangu Pétronille hukausha ndagala, dagaa wa ziwa letu, ufukweni, hapa Kimanga, na tuseme ukweli, ana roho ngumu. Ana chanja sita za waya. Kila chanja hupokea beseni mbili za ndagala, wala haongezi hata konzi moja. Wavuvi humbembeleza, humtukana, yeye huwaonyesha njia tu. Ndagala wakibanana hawapati jua. Wa chini huoza na kuwaharibu wa juu. Ndiyo maana wachuuzi wa Bukavu huanzia kwake.

Basi mwanamke huyohuyo, mwaka juzi, alitaka kupigana na chuo kwa kosa lilelile la kukataa kuongeza.

Binti yake Jolie alikuwa amepata diplome ya serikali ya kumaliza sekondari, na alitaka kitu kimoja tu: kusomea kazi ya maabara katika chuo fulani hapa Uvira. Waliofanya mtihani wa kuingia walikuwa mia nne, nafasi thelathini. Jolie akatoka wa thelathini na mbili.

"Ile makumi tatu ni batoto ya bakubwa," shangazi alimwambia kwa hasira. "Weye hauna muntu mule ndani!" Asubuhi yake alifunika mukeke wanne wanono, samaki wa heshima hapa ziwani, kwa jani la mgomba, akajitwika beseni, akaniburuta nimsindikize kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi, Mama Consolée, hata hakuwagusa wale samaki. Alitupeleka maabara. Mezani palikuwa na hadubini sita.

"Kila mashine, batoto batano," alisema. "Nikiongeza wa sita, mwaka itaisha anaangalia mugongo ya benzake. Kisha atapima damu ya mutoto yako, atasema malaria hakuna, na malaria iko." Akatuonyesha karatasi za mtihani. Juu yake palikuwa na namba tu, jina hakuna, ili msahihishaji asijue anamsahihisha mtoto wa nani.

Nilisubiri shangazi alipuke. Hakulipuka. Alizihesabu zile hadubini kwa kidole, moja hadi sita. Halafu akainama, akajitwika beseni lake.

"Hata minye nakatalaka kuongeza ku chanja," alisema. Nilimwonea haya, na nikazidi kumpenda.

Jolie alilia siku mbili. Kisha akarudi kwenye madaftari yake, akawa anasoma kando ya chanja huku akifukuza kunguru kwa kijiti. Shangazi, ambaye hakumaliza shule ya msingi, alimshikia kitabu na kumuuliza maswali asiyoyaelewa mwenyewe. Jolie akisita kidogo tu, aliambiwa arudie.

Mwaka uliofuata waliofanya mtihani walikaribia mia tano. Jolie akawa wa tisa.

Shangazi alivaa kitenge kipya, akafunika tena mukeke wanne, safari hii kwa kushukuru. Mama Consolée alicheka, akatikisa kichwa. "Mama, mutoto yako alileta pointi. Inatosha. Rudisha samaki ku nyumba."

Nilidhani atanuna. Lakini alipita katikati ya Kimanga na beseni kichwani, polepole kuliko kawaida yake, shingo imenyooka. Wateja wakamwita: mukeke bei gani leo?

"Haiuzwe!" akajibu kwa sauti ya kufika ziwani. "Mukeke yangu balikatala mara mbili, na Jolie wangu aliingia!"