Kaburi Nililomwonyesha

Mapema miaka ya hamsini nilikuwa nikijifunza upasuaji katika spitali moja ya mjini Unguja. Tulikuwa wanafunzi watatu, na daktari wetu, Mzungu mwenye subira haba, alitufundisha kwa maiti wasio na wenyewe. Maiti akikaa siku tatu bila ya kuulizwa, hukabidhiwa sisi.

Safari ile tulipewa mwanamme wa makamo aliyeanguka sokoni akafa kabla hajataja jina lake. Mwenzangu mmoja alichukua mguu, wa pili tumbo, mimi nikapewa mkono wa kulia. Nilifunua ngozi ya kiganja nikazitenga moja moja kano zinazokunja vidole, na daktari akasema mbele ya wenzangu kwamba hajaona kazi safi kama ile. Hakikuwa kilemba cha ukoka. Nilikuwa hodari kweli, na nilijiona. Jumamosi angetupima, na wa kwanza ndiye angeingia naye chumba cha upasuaji.

Alhamisi akaja mzee kutoka Uroa, kanzu imejaa vumbi la njia. Alikuwa akimtafuta mdogo wake, aliyekuja mjini kuuza pweza asirudi. Akanitajia kovu lililokuwa juu ya nyusi, nikamjua pale pale. Alitaka jambo moja tu: amwoshe ndugu yake kwa mikono yake, amswalie, amzike. Ilikuwa haki yake, na daktari asingemkatalia. Lakini moyoni nilimwona mzee akiifunua shuka ya maiti, na kazi yangu ya Jumamosi ikiondoka naye. Kwa miaka mingi nilijiambia kuwa nilimwonea huruma. Ilikuwa tamaa.

Nikamwambia keshazikwa.

"Nani kamwosha?" akauliza.

"Mimi, mzee wangu."

Akanishika mikono yote miwili, akaibusu. Kisha akaomba nimwonyeshe kaburi. Nikampeleka makaburini, nikanyooshea kidole tuta la kwanza bichi nililoliona. Akakaa chini akasoma Yasini mpaka mwisho, nami nikaitikia amin.

Jumamosi nikawa wa kwanza. Wiki mbili baadaye tulikusanya kilichobaki cha yule bwana, tukakitia sandani, tukamzika safu ya tatu nyuma ya lile tuta. Nilimmwagia maji mimi mwenyewe huku nalia, kama kwamba machozi yangepunguza kitu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka sita. Kila Shaabani mzee alikuja kusoma kaburini, kisha akanipitia nyumbani na pweza mkavu, maana kwake yeye aliyemwosha ndugu yake alikuwa ndugu. Kila mara niliapa kuwa leo namwambia. Kila mara nilipokea pweza nikasema ahsante.

Mwaka wa sita wanawe walimleta yeye mwenyewe, maiti, kwa gari la shamba. Alikuwa ameusia mambo mawili: nimwoshe mimi, na azikwe ubavuni mwa mdogo wake. Nikamwosha. Tulipofika makaburini, mwanawe mkubwa akanigeukia.

"Tuchimbe wapi, ami?"

Nikawaonyesha kando ya kaburi lile lile. Wakachimba, wakamlaza baba yao ubavuni mwa mtu asiyemjua. Ndugu yake alikuwa nyuma yetu, hatua kama ishirini, na mimi nikachukua jembe nikasaidia kufukia.