Ngoma ya Mwalimu wa Mtu

Teke la Singkhao ndilo lililomponza Bunlert, ingawa teke lenyewe halikuwa na kosa lolote.

Bunlert alikuwa mkata barafu kiwandani katika mji wa Roi Et, miaka ishirini na tisa, na jioni alifanya mazoezi ya ndondi za mateke katika kambi ya Mwalimu Samran. Kambi ni neno kubwa. Palikuwa na paa la bati, mfuko mmoja wa kupigia ulioshonwa mara nne, na mzee mwenyewe, mwenye goti bovu, aliyempokea Bunlert akiwa na miaka tisa na kumlisha wali wa kunata kwenye mkeka wake kama mwanawe. Sasa ilikuwa miaka miwili Bunlert hajashinda pambano. Wenzake kiwandani walikuwa wakisema amefanana na kazi yake, kwamba jua likiwaka kidogo tu anayeyuka.

Basi akaanza kumsoma Singkhao, bingwa wa mji wa Udon. Kila mapumziko ya mchana alikaa na simu, akilitazama teke lile la kushoto, akilirudisha nyuma na kulitazama tena, mpaka akajua nyonga inatangulia lini na kisigino kinageuka wapi. Hilo hakumficha mwalimu wake.

"Mwalimu, hebu mwone huyu anavyogeuza kisigino."

Mzee aliishika simu mbali na macho. "Huyu anajua. Mimi sikukufundisha hivi kwa sababu sikujua. Mwige."

"Hutakasirika?"

"Nikasirikie kisigino? Wacha maneno, lete pedi za kupigia."

Miezi mitatu Mwalimu Samran alishika pedi, akilipokea teke la mtu wa Udon kwa mikono yake ya miaka sitini na minane. Usiku mkewe alimkanda goti kwa mafuta, na asubuhi akarudi kuzishika tena.

Lakini mwonja asali haonji mara moja. Bunlert aliiga teke, akaiga bukta, akaiga na mkato wa nywele. Mwishowe akaitamani ngoma. Kila mpiganaji, kabla ya pambano, huuzunguka ulingo akicheza polepole kumshukuru mwalimu wake, kichwani amevaa taji la kamba alilovikwa na mwalimu huyo. Ngoma ya Samran ilikuwa ya watu wa mashamba: hatua tatu fupi, kisha mkono unashuka kama unapandikiza mpunga. Ya Singkhao ilikuwa ya mpiga mshale. Bunlert alijifunza kuvuta ule upinde nyuma ya magunia ya pumba za kufunikia barafu kiwandani, peke yake. Alijiambia anataka kumshangaza mzee. Uongo mtupu, moyoni alikuwa akiionea haya ile ngoma ya mpunga, na alilijua hilo.

Siku ya pambano, kwenye sherehe za hekalu, zumari likalia, na Bunlert akavuta upinde. Watu wakashangilia. Sasa, Singkhao humaliza ngoma yake kwa kupiga magoti akielekea kaskazini, kwao Udon anakokaa mwalimu wake, na kuinama mara tatu. Bunlert akapiga magoti kuelekea kaskazini. Kona yake ilikuwa kusini.

Alipoinama mara ya pili akasikia watu wamenyamaza. Kisha mama muuza saladi ya papai akapaza sauti: "We Bunlert! Mwalimu wako yuko nyuma yako huku!"

"Mwache, mama," mwingine akadakia. "Kahama kambi bila kuaga!"

Uwanja mzima ukacheka. Bunlert aliinama mara ya tatu kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, masikio yakimwaka moto. Alirudi kwenye kona bila kuinua macho. Mwalimu Samran alikutanisha viganja, akamnong'onezea dua yake ya siku zote, akamvua taji kwa mikono miwili.

"Kisigino," akasema. "Usikisahau."

Raundi ya pili teke likaingia kwenye mbavu, na mpinzani hakuinuka. Mtangazaji akapanda ulingoni na kipaza sauti. "Haya, bingwa, tuambie, wewe ni wa kambi gani? Ya Udon?" Bunlert alikuwa na kinga ya meno mdomoni. Angeweza kuitema. Akacheka tu pamoja nao, na chini ya ulingo akamwona mzee akikunja taulo na kubeba ndoo, akichechemea.

Alhamisi, siku ya kuwaheshimu walimu, alikwenda na maua na ubani, akapiga magoti mlangoni.

"Mwalimu, nimekukosea."

"Umeshinda."

"Nilikupa mgongo mbele za watu. Na nilipoulizwa, sikukutaja."

Mzee aliyapokea maua. "Nilikwambia umwige, na teke umelipata vizuri. Hilo lina faida, lishike." Akavuta pumzi. "Haya, icheze ile yetu. Nataka niione."

Bunlert akasimama. Hatua ya kwanza, ya pili, kisha mkono ukapanda wenyewe ukavuta upinde. Akaanza upya. Upinde ukaja tena. Mara ya tatu alisimama mikono ikining'inia, akatafuta kichwani hatua alizocheza miaka ishirini, asizione. Machozi yakamtoka, mtu mzima.

"Imenitoka, Mwalimu."

Aibu ya uwanjani ilikuwa mchezo mbele ya hii. Mzee hakumkemea, na afadhali angemkemea. Alishika nguzo, akajiinua, goti likaalika, akaja kusimama ubavuni mwake.

"Mguu wa kulia kwanza," akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimsemesha akiwa na miaka tisa.

Bunlert akatanguliza mguu wa kulia.